Makaburi ya Kunduchi na Watu wa Jirani Zake

Habari za nchi husomwa katika vitabu, tena husikiwa vinywani mwa wazee. Lakini iko njia ya tatu ya kuzijua, nayo ni makaburi. Mtu aliyekufa hasemi, walakini namna alivyozikwa yatwambia mengi: alikuwa nani, wazee wake walitoka wapi, jirani zake walikuwa watu gani, tena walimheshimu kwa kiasi gani. Mwezi huu nataka kuwaeleza habari za makaburi ya Kunduchi, upande wa kaskazini wa Dar es Salaam, katika wilaya ya Kinondoni, pamoja na habari za watu waliokaa kando yake tangu zamani hata leo. Mahali hapa si maarufu kama magofu ya Kilwa. Lakini pana neno la kutufundisha sisi tunaokaa katika vijiji na mitaa ya pembeni ya mji, ambako viwanja vyauzwa kila siku kwa watu wasiojua nani amelala ndani yake.

Ukitoka mjini kwa barabara ya Bagamoyo, wapita Mwenge na Lugalo na Mbezi, hata wafika Mtongani, kama kilometa 20 kutoka katikati ya mji. Hapo waiacha barabara kuu, washika njia ya mkono wa kuume iendayo baharini. Mbele yako ni Kunduchi Pwani, kijiji cha wavuvi tangu kale. Utaona ngalawa na mashua zimepandishwa mchangani, wavuvi wakishona nyavu, na wanawake wakikaanga samaki sokoni. Karibu pana hori lenye mikoko, na mashamba ya chumvi. Na penye mibuyu mikubwa ndipo palipo na magofu yenyewe, yaani msikiti wa mawe uliobomoka, na makaburi yaliyouzunguka.

Msikiti huo wakadiriwa kuwa wa karne ya 15 au ya 16. Paa lake halipo tena, na kuta zake zimesimama nusu nusu; lakini kibla yake, pale aliposimama imamu, yaonekana bado. Makaburi mengi ni ya baadaye, ya karne ya 18 na ya 19. Basi twafahamu ya kuwa msikiti ulipokuwa umekwisha kuzeeka, watu hawakuacha kuwaleta wafu wao hapo. Walitaka kulala karibu na wazee wao na mahali waliposali wazee wao. Sisi Wakristo nasi twaijua tabia hii, kwa maana katika misheni nyingi za zamani makaburi yako ubavuni pa kanisa.

Sasa nieleze namna makaburi hayo yalivyojengwa, maana vijana wengi wayaona mawe tu. Maiti yenyewe yamo chini katika ardhi, katika mwandani, imelazwa kwa kuelekea kibla kama iwapasavyo Waislamu. Ukuta ulio juu ni ua tu wa kulizunguka kaburi. Mafundi waliyachukua mawe ya matumbawe. Yale waliyotaka kuyachonga maua waliyakata baharini, kwa sababu tumbawe libichi ni laini, lakata kwa shoka dogo. Likiisha kukaa katika jua na upepo huwa gumu. Chokaa nayo ilitoka katika matumbawe. Walipanga magogo duara, wakarundika matumbawe juu yake, wakatia moto. Yakiisha kuungua waliyamwagia maji yakawa unga mweupe, wakauacha muda mrefu upate kuiva ndipo wakaujengea. Kazi hiyo ilitaka kuni nyingi na mikono mingi. Kwa hiyo kaburi moja la mawe lilikuwa kazi ya watu wengi na gharama ya nyumba nzima.

Makaburi mengine upande wa kichwani yamesimamishiwa nguzo ya mawe, ndefu kuliko mtu. Namna hii ya kaburi ni ya pwani yetu hasa. Zaonekana nguzo kama hizi kuanzia pwani ya Somalia, zikashuka Mambrui na Malindi na Gedi katika Kenya, hata Kaole karibu na Bagamoyo, na hapa Kunduchi. Katika nguzo na kuta hizo mafundi walitia mabakuli na sahani za kaure, chokaa ilipokuwa bado mbichi, vikaganda humo kama pambo. Mabakuli hayo yalitoka Uchina, yakapita Bara Hindi na Uarabuni, yakaletwa na majahazi ya pepo za kaskazi. Na katika nyakati za baadaye zilikuja sahani za Ulaya pia. Mwaka 1955 mtaalamu wa mambo ya kale, Mwingereza Mortimer Wheeler, alipotembelea pwani hii alistaajabu kwa wingi wa vigae vya Kichina, akasema ya kuwa historia ya Tanganyika iliyofichwa ardhini imeandikwa kwa vigae hivyo. Mkulima wa Kunduchi aliyekuwa akiokota kigae cha buluu shambani mwake alikuwa ameshika ukurasa wa kitabu hicho.

Je, waliolala hapo ni watu gani? Katika pwani hii ilikuwako miji midogo midogo mingi, kila mmoja na wakubwa wake. Kaskazini ilikuwako Mbweni na Ununio na Kunduchi, kisha Msasani, kisha Mzizima, kijiji kilichotangulia mji wa Dar es Salaam, na ng'ambo ya bandari, upande wa kusini, Mbuamaji, katika nchi iliyokuwa ya wilaya ya Temeke hata ilipofanywa wilaya ya Kigamboni. Huko Mbuamaji nako uko msikiti wa kale na makaburi. Wakubwa wa miji hii waliitwa Washomvi, na wazee husimulia ya kuwa asili yao ni Barawa, mji wa pwani ya Somalia. Walikuja kwa vyombo, wakavua samaki, wakapika chumvi, wakafanya biashara na watu wa bara. Mjerumani Carl Velten aliyakusanya masimulizi ya namna hii kwa Kiswahili, na habari za kale za Dar es Salaam zilipigwa chapa katika kitabu chake mwaka 1907.

Lakini nchi haikuwa tupu. Nyuma ya pwani, vilimani na mabondeni, walikuwako Wazaramo, wakulima wa mtama na muhogo na mpunga. Husimuliwa ya kuwa Wakamba walipoishambulia pwani, Washomvi hawakuweza kuwazuia peke yao. Wakamwendea Pazi Kilama, mkubwa wa Wazaramo, kutaka msaada. Akaja na watu wake, akawafukuza Wakamba. Tangu hapo Washomvi walipatana kumpa yeye na wazao wake ada, nguo na mali nyingine za pwani, kwa kuwa amewaokoa na kwa kuwa nchi waliyoikalia ilikuwa na wenyewe. Kwa hiyo watu wa pwani na watu wa bara walifungwa pamoja kwa agano. Wengine walioana, na baada ya vizazi vichache ilikuwa vigumu kumtenga Mshomvi na Mzaramo.

Nikisoma habari hii hukumbuka habari ya baba yetu Ibrahimu. Sara alipokufa, Ibrahimu alikuwa mgeni katika nchi ya Kanaani, wala hakuwa na mahali pa kumzika. Akawaendea wenye nchi, akasimama mbele yao kwa heshima, akalinunua shamba la Makpela lenye pango kwa Efroni Mhiti kwa shekeli 400 za fedha. Alikuwa ameahidiwa nchi yote, lakini kipande cha kwanza kilichokuwa mali yake kilikuwa kaburi. Washomvi nao walikuja wageni, wakapatana na wenyeji, wakazika. Hawakuwarudisha wafu wao Barawa. Waliwalaza chini ya mibuyu ya Kunduchi, wakawajengea nguzo, na tangu siku hiyo watoto wao hawakuitwa tena wageni. Neno hili ndilo nitakalo mlishike katika habari yote ya mwezi huu: mgeni akizika mahali, amekuwa mwenyeji wa mahali pale, na mwenyeji ana kazi ya kufanya.

Huenda msomaji akafikiri ya kuwa watu wa pwani peke yao ndio waliojua kuheshimu makaburi, kwa kuwa ya kwao yaonekana hata leo. Sivyo. Wazaramo nao walisimamisha nguzo makaburini, ila za kwao zilikuwa za miti. Fundi alichonga gogo, na pengine juu yake akafanya mfano wa mtu, nayo ikasimamishwa kichwani pa kaburi la mtu mwenye heshima. Angalieni, ndugu zangu: huku nguzo ya mawe, kule nguzo ya mti; na maana ya nguzo zote mbili ni kumwambia apitaye, Hapa amelala mtu wetu. Lakini mawe hudumu, na mti huliwa na mchwa. Nguzo nyingi za Wazaramo zimeoza, na nyingine zilichukuliwa zikapelekwa katika nyumba za makumbusho za Ulaya, ambako zatazamwa na watu wasiojua jina la marehemu. Kwa hiyo tukiangalia nchi leo, twadhani pwani ilikuwa na wazee na bara haikuwa nao. Jambo hilo si kweli. Tofauti yao ni mali na matumbawe tu.

Tena wako ambao hawakuwekewa nguzo ya mawe wala ya mti. Katika karne ya 19 pwani hii ilikuwa na watumwa wengi, waliotolewa mbali bara, wakalimishwa mashamba, wakapika chumvi, wakakata hayo matumbawe, wakachoma hiyo chokaa. Mtumwa hakujengewa kaburi la mabakuli. Alizikwa, udongo ukafukiwa, mvua ya masika ikausawazisha. Basi tukizistaajabia nguzo za Kunduchi, tuwakumbuke na waliobeba mawe yake. Mikono yao imo katika ukuta ule, ingawa majina yao hayamo.

Iko desturi moja ya nchi yetu iliyosaidia wageni wasizikwe kama wanyama, nayo ni utani. Wanyamwezi waliokuja na misafara ya pembe walikuwa watani wa Wazaramo. Palipotokea msiba, mtani alikuwa na kazi yake maalumu: kusaidia kuchimba kaburi, kupika, kuwachekesha waliofiwa wasizame katika huzuni, hata kuigiza mwendo na maneno ya marehemu, na hakuna aliyemkasirikia. Watu waliopigana zamani waligeuza uadui ukawa mzaha, na mzaha ukawa msaada wakati wa kufa. Mpagazi aliyefia njiani, mbali na mama yake, alipata mtu wa kumtilia udongo. Desturi hii yaanza kusahauliwa mjini, na ni hasara.

Sasa tuangalie namna mji ulivyokuja kuyazunguka makaburi haya. Katika miaka ya 1860 Seyyid Majid, Sultani wa Unguja, alianza kujenga mji wake kando ya Mzizima, ukaitwa Dar es Salaam. Alipokufa mwaka 1870 kazi ilisimama. Mwaka 1891 Wajerumani wakahamishia makao ya serikali yao hapo kutoka Bagamoyo, na mji ukaanza kukua. Hata hivyo Kunduchi ilibaki mbali, kijiji cha ngalawa na minazi. Mwaka 1948 mji wote ulikuwa na watu 69,000 tu. Mwaka 1967 walikuwa wamepita 270,000. Hesabu ya mwaka 2022 ilionyesha ya kuwa mkoa wa Dar es Salaam una watu 5,383,728. Kiwanda cha saruji cha Wazo kilianza kazi mwaka 1966, zikaja hoteli za pwani, zikaja nyumba za Tegeta na Mbezi na Boko; na shamba lililokuwa la mihogo likawa viwanja. Kijiji hakikuhama, ila mji ulikifuata.

Mji ukikua, makaburi hupata taabu. Nitatoa mfano mmoja unaojulikana. Askari na wapagazi waliokufa Dar es Salaam katika Vita Kuu ya kwanza, baada ya Waingereza kuutwaa mji mwezi wa Septemba 1916, walizikwa karibu na bahari, katika makaburi ya barabara ya Ocean Road. Mwaka 1968 ilikatwa njia mpya, ikabidi makaburi 660 yahamishwe. Yalipelekwa mahali papya kando ya barabara ya Bagamoyo, katika wilaya hii ya Kinondoni, na katika miaka iliyofuata yaliletwa mengine kama 1,000 kutoka sehemu nyingi za Tanzania. Leo wamelala humo watu 1,764 wa vita vya kwanza na 41 wa vita vya pili. Ukipita utaona majani yamekatwa vizuri na mawe yamesimama safu kwa safu.

Lakini sikilizeni jambo lililoonekana makaburi yalipofukuliwa. Makaburi ya Wazungu yalikuwa na alama, kila mtu na jina lake. Lakini sehemu walikozikwa Waafrika, Wakristo na Waislamu na wengine, hazikuwa zimewekwa alama ya mtu mmoja mmoja. Basi mifupa yao haikuweza kutengwa, ikazikwa pamoja katika makaburi ya jumla, kila moja na ukuta wake wa ukumbusho. Hao nao walikuwa na mama zao, na wengine walikuwa wamebatizwa kwa jina. Walikufa kwa homa na kuhara na kuchoka na mizigo, kwa vita isiyokuwa yao. Yaliyowapoteza si kule kuhamishwa mwaka 1968. Walipotea siku ile ya kwanza, pale mtu alipofukia udongo asiweke alama wala kuandika jina. Kaburi lisilo na alama laweza kuhamishwa, lakini aliyelala ndani yake hawezi kurudishiwa jina lake tena.

Turudi Kunduchi. Nako yako mambo yanayoharibu. La kwanza ni mkono wa mwanadamu. Mabakuli mengi yaliyokuwa katika nguzo yameng'olewa, pakabaki matundu ya duara tu. Wengine waliyang'oa ili wayauze, na wengine kwa mchezo. Baadhi ya vyombo vya Kunduchi vimehifadhiwa katika Makumbusho ya Taifa mjini, na hivyo vimesalimika. Lakini bakuli liking'olewa kwa nguvu huvunja chokaa, maji huingia, na nguzo huanza kufa. La pili ni miti na mvua: mizizi hupasua ukuta, na ukuta usipotiwa chokaa kwa miaka mingi huanguka wenyewe. La tatu ni bahari. Pwani ya Kunduchi imeliwa sana na maji. Watu walichimba mchanga katika mito iletayo mchanga pwani, wakakata mikoko inayoshika udongo, na wavuvi wengine walitumia baruti, wakayavunja matumbawe yaliyokuwa boma la kuzuia mawimbi. Bahari ikaingia. Hoteli moja kubwa ya pwani hiyo iliachwa kwa sababu maji yalikula msingi wake. Ikiwa nyumba ya matajiri haikuweza kusimama, kaburi la miaka 200 litawezaje?

La nne ndilo lililo karibu nasi zaidi, yaani viwanja. Magofu ya Kunduchi yanalindwa na Sheria ya Mambo ya Kale ya mwaka 1964, iliyorekebishwa mwaka 1979; ni kosa kuyavunja au kuchukua kitu. Lakini katika mitaa na vijiji vyote vya Kinondoni na Temeke yako makaburi madogo ya jamaa, matano huku, kumi kule, chini ya mwembe au katikati ya minazi. Hayo hayana kibao cha serikali. Mzee aliyeyajua amekufa, watoto wameuza shamba, na mnunuzi ametoka mbali. Akikuta kaburi katika kiwanja chake afanye nini? Iko sheria ya mwaka 1969 ya kuhamisha makaburi, nayo yaeleza namna serikali iwezavyo kuyahamisha pale ardhi itakiwapo kwa manufaa ya watu wote: jamaa wapewe habari, na kazi ifanywe kwa heshima. Sheria hiyo haimpi mtu yeyote ruhusa ya kusawazisha kaburi usiku kwa jembe apate kujenga choo chake.

Wengi wa wanunuzi hao ni sisi wenyewe. Tumetoka Kilimanjaro na Bukoba, Mbeya na Songea, Mwanza na Dodoma. Tumejenga, tumezaa watoto hapa. Lakini mmoja wetu akifa, mara nyingi jamaa hukodi gari, maiti hupelekwa nyumbani kwa baba zake. Mchaga atataka alazwe kihambani, Mhaya katika kibanja chake. Desturi hii siilaumu. Yatoka katika kuwaheshimu wazee. Ila yatupasa kujua matokeo yake. Kwa kuwa wafu wetu hawalali hapa, mioyo yetu nayo haijakaa hapa. Twaiona nchi hii kama mahali pa kupanga chumba, hata tukiwa tumeijengea nyumba ya ghorofa. Na mpangaji haulizi habari za mifupa iliyo chini ya sakafu. Washomvi hawakufanya hivyo. Walizika, na kwa hiyo walilinda.

Mtu atasema, Hayo ni makaburi ya Waislamu, au ya Wazaramo wa kale. Mimi Mkristo yanihusu nini? Namjibu: Ibrahimu hakuzika kati ya watu wa imani yake. Alizika kati ya Wahiti, nao Wahiti walimheshimu, wakamwita mtu mkubwa, wakampa nafasi ya kuchagua kaburi lililo bora. Heshima ya makaburi ni ya ujirani kabla haijawa ya dini. Leo mimi nikililinda kaburi la babu wa Mwislamu aliye jirani yangu, kesho watoto wake watalilinda langu. Nikilivunja, nimewafundisha watoto wangu namna ya kulivunja la kwangu.

Basi tufanye nini? Nina mashauri manne, nayo si ya gharama.

Kwanza, ukinunua shamba au kiwanja, uliza habari za makaburi kabla ya kuuliza bei. Waulize wazee wa mtaa, si dalali peke yake. Kukiwa na kaburi, liandikwe katika hati ya mauziano, na mipaka yake ipimwe, na jamaa wa marehemu waachiwe njia ya kulifikia.

Pili, kila mtaa na kila usharika uwe na daftari ya makaburi. Andikeni jina la marehemu, jina la baba yake, mwaka wa kufa, na mahali pa kaburi kwa kupima hatua kutoka mti au ukuta unaojulikana. Msiandike Wakristo tu. Mwalimu wa shule aweza kuwapa wanafunzi kazi hii: waende kwa babu na bibi zao, waulize, waandike. Mzee mmoja akifa leo pasipo kuulizwa, makaburi 20 hupotea pamoja naye.

Tatu, wekeni alama. Si lazima iwe ya saruji na marumaru, na watu wasiingie deni kwa ajili ya kaburi. Jiwe lililoandikwa kwa patasi latosha. Panda na mti udumuo. Zamani watu walipanda mirumba na minazi, na hata leo mti huo huonyesha palipokuwa na nyumba na kaburi. Na siku moja katika mwaka jirani wote wakusanyike kufyeka majani, Wakristo na Waislamu pamoja, kila watu wakisali kwa desturi yao.

Nne, mkienda Kunduchi kutazama magofu, na ni vema kwenda, ingieni kama mwingiavyo nyumbani kwa mtu. Mwombeni ruhusa mlinzi au wazee wa kijiji. Msipande juu ya kuta, msiandike majina yenu kwa mkaa, msichukue kigae hata kimoja. Watoto na waonyeshwe matundu yale ya mabakuli, waelezwe ya kuwa hapa mtu alimwibia maiti.

Huenda miaka 100 ijayo mwalimu mwingine atatembea Tegeta, au Mbagala, au Kigamboni, akitafuta habari zetu sisi. Ataona misingi ya nyumba nyingi. Nyumba zitamwambia ya kuwa tulikuwa na fedha. Lakini kama tulikuwa jirani wema, kama tuliwajua waliotutangulia katika nchi hii na kuwaandika waliokufa kati yetu, hayo atayasoma makaburini tu. Washomvi wa Kunduchi walimwachia nguzo na mabakuli. Wazaramo walichonga miti yao, mchwa wakaila. Daftari na jiwe dogo lenye jina ni vitu ambavyo kila nyumba yetu yaweza kuviacha. Mwezi huu, kabla ya mvua kuanza, nenda na jirani yako mkayatazame makaburi yaliyo karibu nanyi, mkayahesabu, na mkayaandike.